Havock: mharibifu au manowari?

SWALI: Natafsiri makala fupi kuhusu HMS Havock, meli ya kivita ya Uingereza ya zamani. Aina yake huitwa destroya, nami nikaandika hivi: "Mharibifu Havock alizinduliwa tarehe 12 Agosti 1893 na akatumikia hadi 1912, alipofutwa." Mwenzangu ameniambia niandike "manowari", lakini mimi najua manowari ni ile inayokwenda chini ya maji. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako. Naanza na manowari kwa sababu kosa hilo limeenea, na utalisikia hata kwenye taarifa za habari. Manowari ni meli ya kivita, kubwa au ndogo. Neno tumelitoa kwa mabaharia wa Kiingereza wa karne ya 19, waliokuwa wakiiita meli ya vita "man-of-war". Meli zao zilikuja pwani yetu kuyafukuzia majahazi yaliyopakia watumwa, na mojawapo, HMS London, ilitia nanga Unguja kwa takriban miaka kumi kuanzia 1874. Wazee wetu waliziona zikielea mbele ya macho yao. Ile inayozama na kuibuka ina jina lake, nyambizi, na ukilitamka tu unaisikia mbizi ndani yake. Tusiliache neno zuri hivyo likafa kwa kukosa kutumiwa.

Sasa mharibifu. Kwa Kiswahili mharibifu ni mtu: mtoto anayevunja vikombe, kijana anayefuja mali ya urithi. Ukisema Havock ni mharibifu, msomaji atakuuliza, anaharibu nini? Ana haki ya kuuliza, maana jina la mwanzo la meli hizi lilikuwa na jibu. Kufikia miaka ya 1880 kulikuwa na mashua ndogo za mvuke zilizobeba topido, yaani kombora linalokwenda ndani ya maji, na mashua ya bei nafuu namna hiyo ingeweza kuinyatia meli kubwa usiku ikaizamisha. Wafaransa walikuwa nazo nyingi, na Waingereza wakaingiwa na wasiwasi. Mwaka 1892 Jackie Fisher, aliyekuwa akisimamia uundaji wa meli za jeshi lao la majini, akataka vyombo vya kuziwinda mashua hizo. Vikaitwa kwa jina refu lenye maana ya "viangamizi vya mashua za topido". Baadaye jina likafupishwa, likabaki lile neno la uangamizi peke yake, bila kitu cha kuangamizwa. Wewe umetafsiri kipande kilichobaki.

Na Havock hasa ndiyo ya kwanza ya aina hiyo kushuliwa, yaani kuingizwa majini. Iliundwa kwenye karakana ya Yarrow huko Poplar, London, kando ya mto Thames. Ilikuwa na tani 240 hivi, urefu wa futi 180, na mwendo wa maili 26 za baharini kwa saa. (Andika hivyo hivyo, maili za baharini kwa saa. Ukiandika "noti 26" wengine watadhani ni fedha.) Yenyewe pia ilikuwa na mabomba matatu ya topido. Moja liliwekwa omoni, yaani mbele ya chombo, nalo likazua tatizo: chombo kikienda kwa kasi yake yote, kiliweza kuipita topido kiliyoirusha chenyewe. Muda si mrefu destroya zikachukua na kazi ya zile mashua zilizoundwa kuziwinda, na ndiyo maana jina fupi likazitosha.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Kwa Havock na wenzake wa miaka ya 1890, ukiitaja mara ya kwanza sema ni manowari ndogo ya kasi ya kuwindia mashua za topido, kisha endelea na "manowari". Kwa meli za Vita vya Pili vya Dunia maelezo hayo hayafai tena. Hapo andika destroya, neno ambalo msomaji wa habari za vita analifahamu. "Manowari ya maangamizi" waachie wenye kutafuta vichwa vya habari.

Kuhusu "alizinduliwa": Mwingereza huiita meli yake kama anavyomtaja mwanamke, ila kwetu meli haiingii ngeli ya watu. Manowari hii ili-, manowari hizi zili-. Ukitumia chombo, kili-. Na kitenzi chenyewe kina sehemu yake. Kuzindua ni sherehe: hotuba, utepe, makofi. Chombo kikishaisha kuundwa, watu wakakisukuma juu ya magogo kwa nyimbo mpaka kikagusa maji na kuelea, mafundi wa pwani husema kimeshuliwa. Kushua ndilo neno, na tarehe unayoitafsiri ni ya kushuliwa. Vivyo hivyo chombo huundwa. Nyumba ndiyo hujengwa.

"Akatumikia" inadai mtu wa kutumikiwa, basi sema ikatumika. "Alipofutwa" ni ya mfanyakazi aliyeachishwa kazi, ilhali Havock iliuzwa kama chuma chakavu.

Ukimaliza ukataka kuendelea na HMS Viper, iliyoshuliwa 1899 na kuendeshwa kwa mitambo ya turbini, utakuta kwamba Agosti 1901 ilipotea kwenye ukungu karibu na kisiwa cha Alderney. Hapo usiandike "iligonga ardhi". Andika: ilipanda mwamba.

Sentensi yako basi iwe hivi: "HMS Havock, manowari ndogo ya kasi iliyoundwa kuwinda mashua za topido, ilishuliwa tarehe 12 Agosti 1893, ikatumika kwa miaka mingi, na mwaka 1912 ikauzwa kama chuma chakavu."