Jibu: Bibi alisaini kwa kumtegemea mpwa wake, je, mkataba umekufa?

Pole sana dada. Umeuliza kama mauzo ya kiwanja cha bibi ni batili kwa kuwa mnunuzi ndiye mpwa anayemlea na kumnunulia dawa. Kwa Tanzania, Sheria ya Mikataba, Sura 345, inataka ridhaa ya hiari. Vitisho ni kifungu cha 15, lakini bibi hakutishwa. Lenu ni kifungu cha 16, ushawishi usiofaa: mtu mwenye nguvu juu ya mwenzake anaitumia kujinufaisha.

Hapa ndipo penye nguvu yenu. Mkionyesha kwamba bibi alimtegemea, na bei ni ya kutupa kabisa, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mpwa. Upendo peke yake hautoshi, wala bei ndogo peke yake.

Ila mkataba haujafa wenyewe. Kifungu cha 19 kinampa bibi haki ya kuuvunja, asipoitumia, mkataba unasimama. Pesa aliyopokea ajiandae kuirudisha. Na msichelewe, nakuomba: kiwanja kikishauzwa kwa mtu wa tatu asiyejua lolote, kukirudisha ni kazi ngumu mno. Kama kina hati, wekeni pingamizi kwa Msajili wa Hati wiki hii hii.