Maswali yenu: Shati la pauni 9.15

Tangu nigusie miaka niliyofundisha Kiingereza katika mji mdogo wa jimbo la Zhejiang, barua zinazonifikia zimekuwa na wimbo mmoja. Mswahili yuko China kwa masomo, biashara au ndoa. Jirani au mkwe anamwomba: "Kaa na mtoto wangu, ongea naye Kiingereza." Baada ya wiki mbili mgeni wetu anagundua kwamba mtoto hana haja ya maongezi. Ana haja ya gaokao, mtihani wa Juni wa kuingia chuo kikuu, ambao mwaka 2024 uliandikisha vijana milioni 13.42, na ambamo Kiingereza kina alama 150, sawasawa na Kichina na hisabati. Nimekusanya maswali yaliyojirudia zaidi.

*Mwalimu, shikamoo. Nasoma Wuhan. Kijana wa jirani yangu yuko mwaka wa pili wa sekondari ya juu. Msamiati anao kunizidi. Nikitaja neno gumu ananipa maana yake ya Kichina papo hapo. Lakini nikimwekea rekodi ya mtihani, ananitumbulia macho. Ana nini?*

Marahaba. Hana ugonjwa. Maneno anayajua kwa macho. Mtaala wao unamtaka awe na maneno kama 3,000 kufikia gaokao, naye ameyakariri katika kijitabu, Kiingereza kushoto, Kichina kulia. Masikio hayakualikwa. Wachina wenyewe wana jina la hali hiyo, *yaba Yingyu*, Kiingereza bubu, ingawa mimi ningesema ni kiziwi kabla ya kuwa bubu.

Ongeza na hili: silabi ya Kichina sanifu huishia kwa irabu, au kwa *n* na *ng*, basi karibu hakuna kingine. Kwa hiyo mkia wa neno kama "asked" au "facts" unampita bila kugonga hodi. Nasi Waswahili tuna shida hiyohiyo, ila dawa yetu ni kubandika irabu mwishoni (intaneti, benki), wakati wao mara nyingi huumeza huo mkia. Halafu Waingereza hawaachi nafasi kati ya neno na neno kama ilivyo kwenye karatasi. Nilimsomesha binti mmoja aliyeandika "a nowhere ago". Nilikaa naye tukasikiliza tena na tena, yeye ameshikilia "nowhere" yake kwa nguvu zote, mpaka nilipomwandikia: "an hour ago". Alicheka, kisha akakasirika. Maneno yote matatu aliyajua tangu darasa la nne.

Fanya hivi. Chukua mazungumzo mafupi ya mtihani wa zamani, yasiyozidi sekunde ishirini. Asikilize sentensi moja, aandike kila neno alilosikia, arudie mara tano, sita, hata kumi. Asipewe maandishi mpaka amekwama kabisa. Ukimpa, achukue kalamu nyekundu, azungushie mahali sikio lilipomdanganya, kisha aisome ile sentensi kwa sauti akiifuatisha rekodi. Robo saa kwa siku inatosha. Walimu wengi huwarundikia mtihani mzima kila jioni, wanasahihisha A, B, C, wanaendelea. Hayo ni kupima homa kila siku bila kumpa mtu dawa.

*Mwanangu wa kambo yuko Hangzhou. Nataka kumtungia mazoezi ya kusikiliza yanayofanana na mtihani. Je, asome maswali kabla ya kusikiliza?*

Asome, tena huo ndio nusu ya ujanja. Kusikiliza kuna maswali 20, alama 30, dakika kama ishirini. Mazungumzo matano ya mwanzo huchezwa mara moja tu, kila moja na swali lake. Yanayofuata ni marefu zaidi, yenye maswali mawili, matatu au manne, nayo huchezwa mara mbili. Kabla ya kila kipande kirefu anapewa sekunde tano kwa kila swali. Sekunde hizo si za kuvuta pumzi. Azitumie kujua anasubiri nini: mahali, saa, sababu, au uhusiano wa wanaoongea. Hangzhou iko Zhejiang, na huko wana bahati kidogo, kwa sababu Kiingereza hufanywa Januari na Juni, likabaki tokeo lililo bora.

Kuhusu kutunga, kaulize mtu yeyote aliyepita sekondari ya China habari za bei ya shati. Mfano unaotangulia sehemu ya kusikiliza ni uleule miaka nenda miaka rudi: "How much is the shirt?" Majibu: A, £19.15, B, £9.18, C, £9.15. Jibu ni C. Vijana wameigeuza sentensi hiyo kuwa utani wa taifa. Ukimtajia mtu wa miaka thelathini pauni tisa na peni kumi na tano, anatabasamu kama aliyesikia wimbo wa zamani wa disko. Lakini hebu itazame kwa jicho la mtunzi. Bei tatu, zinazotofautiana kwa silabi moja tu kila upande. Wala mtego si msamiati.

Mitego mingine hutumia njia tofauti: majibu yote matatu hutajwa, ila mawili yanakataliwa. Mwanamume anasema tukutane saa kumi. Mwanamke anajibu kwamba basi lake linafika kumi na nusu. Mwanamume: "Basi tufanye saa kumi na moja." Mtoto aliyerukia saa ya kwanza kuisikia ameshapotea. Kwa hiyo ukitunga, hakikisha mtu mmoja anabadili mawazo katikati, na mfundishe mtoto kukaa macho akisikia "but", "actually" au "I'd rather".

Na usisahau tarakimu. Wachina huhesabu kwa *wan*, yaani elfu kumi. "Sixty thousand" kwake ni *wan* sita; ikitamkwa haraka, ubongo unahamisha sifuri huku rekodi inaendelea mbele. Msomee tarakimu kubwa kumi kila siku, aziandike bila kupitia Kichina.

*Mume wangu ni Mchina, tunaishi Foshan. Binti yetu anasema kusikiliza kwao hakumo kwenye karatasi ya Juni, kuko kwenye kompyuta. Ananidanganya?*

Hakudanganyi, dada. Jimbo lenu, Guangdong, lina mtihani wake wa kusikiliza na kuzungumza kwa kompyuta tangu 2011. Hufanywa kabla ya Juni, una alama 20, na una sehemu tatu: kuiga usomaji wa kipande cha video, kuuliza na kujibu maswali, kisha kusimulia upya hadithi aliyoisikia mara mbili. Beijing nako kusikiliza na kuzungumza hufanywa kwa kompyuta, alama 50 nzima. Kwa binti yako, hiyo hadithi ndiyo ya kufanyia kazi, na wewe una silaha nyumbani: kila jioni msimulie kisa kwa Kiingereza kwa dakika mbili, sungura na fisi wanatosha, naye akurudishie. Asiandike kila kitu. Aandike nani, wapi, kilichotokea, mwisho wake.

*Ni kweli ukimwekea mtoto rekodi za Kiingereza usiku akiwa amelala zinaingia?*

Hapana. Mwacheni alale.

*Mwanafunzi wangu anaposoma ufahamu, anatafsiri kila sentensi kwa Kichina pembezoni mwa karatasi. Anaelewa vizuri sana, lakini muda unaisha akiwa kifungu cha tatu. Nimwambie nini?*

Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake limejificha katika lugha yetu.

Chukua sentensi hii: "The old man who lived by the lake sold boats." Sisi tunasema mzee aliyekaa kando ya ziwa aliuza mashua. Tunakwenda bega kwa bega na Mwingereza: mzee kwanza, habari zake baadaye. Kichina hupanga kinyume. Habari zote hutangulia, zikafungwa kwa kineno *de*, ndipo anakuja mzee, kana kwamba tunasema "kando-ya-ziwa-anayekaa mzee". Sasa kijana akikutana na "who", anaruka hadi mwisho wa kishazi, anarudi nyuma kumchukua mzee, anarudi tena mbele kutafuta mzee alifanya nini. Safari tatu kwa sentensi ya maneno kumi. Ndiyo maana wewe huoni ugumu wake. Lugha ya mama yako ilikupa njia fupi bure.

Mpe penseli, akate sentensi kwa mikwaju: The old man / who lived by the lake / sold boats / to people / he had never met. Kila kipande akielewe hapohapo kilipo, kisha akiache. Asirudi nyuma. Siku za mwanzo soma wewe kwa sauti, ukitua kwenye kila mkwaju, macho yake yakikufuata. Pembezoni mwa karatasi pasiandikwe Kichina hata neno moja. Hilo mtagombana nalo kama wiki moja. Baada ya mwezi hivi mikwaju ataiacha mwenyewe.

Jambo la pili ni ushahidi. Ufahamu una vifungu vinne na maswali 15, kila moja alama 2.5. Kifungu A aghalabu ni tangazo, ratiba au maelezo ya safari: hicho hakisomwi, kinatafutwa. B mara nyingi ni kisa cha mtu. C na D huelekea sayansi na jamii, na huko ndiko muda unakolika. Kwa kila jibu apigie mstari sentensi iliyomshawishi. Kama hana mstari, hana jibu. Nilikuwa na kijana makini sana aliyechagua kwamba kunywa maji kunaufaa mwili. Nikamuuliza, imeandikwa wapi? Akaniangalia kwa huruma: "Lakini Mwalimu, ni kweli." Ni kweli, ndiyo, ila kifungu kilikuwa kinahusu mabomba ya maji.

Kuna na *qi xuan wu*, "saba chagua tano": mapengo matano, sentensi saba, mbili za uongo. Hapo atazame "this", "they", "he", "she". Na hapa mwalimu na mwanafunzi mna udhaifu mmoja. Kichina wana herufi mbili tofauti kwa mwanamume na mwanamke, lakini matamshi ni *ta* tu, kama *yeye* yetu. Nyote wawili mtasema "my mother, he is a nurse" bila kushtuka. Mfanye avizungushie duara viwakilishi na kuchora mshale hadi kwa mwenyewe. Inachosha, lakini mapengo mengi huzibika kwa mshale huo.

*Mimi ni Mkenya. Mtoto ananielewa mimi vizuri kabisa, rekodi haielewi. Je, lafudhi yangu inamharibu?*

Haimharibu, inamdekeza. Sisi tunatamka kila irabu kwa heshima zake zote. Msomaji wa rekodi, awe na lafudhi ya Uingereza au ya Marekani, anameza nusu yake. "Comfortable" kwake ni silabi tatu, kwetu ni nne kamili. Endelea kuongea naye ili apate moyo, ila kila siku apate na sauti ya rekodi. Na kama anatoka Hunan au Sichuan, sikiliza "night" na "light" zake. Huko watu wengi huchanganya *n* na *l*. Usimcheke, nasi tuna ndugu zetu ambao *r* na *l* zao hutembeleana.

*Niko Mombasa. Naweza kumfundisha mtoto aliyeko China kwa mtandao na kulipwa?*

Kanuni ya Julai 2021 iliyobana masomo ya ziada ilikataza kampuni za mafunzo kuajiri walimu wa kigeni walio nje ya China. Tangazo linaloahidi vinginevyo lisome mara mbili. Na ninyi mlioko kule kwa viza ya masomo, kumsaidia jirani ni ujirani. Kupokea mshahara bila kibali ni kesi.

*Zimebaki wiki tatu. Tukazanie nini?*

Saa. Kiingereza ni tarehe 8 Juni, kuanzia saa 9 alasiri, na katika majimbo mengi rekodi ndiyo inayofungua mtihani. Barabarani madereva huombwa wasipige honi na mafundi wa ujenzi hunyamazishwa, lakini hakuna anayeweza kuunyamazisha usingizi. Shule za China zina desturi ya kulala mchana, na mtoto aliyezoea kufanya mazoezi saa 3 usiku atakutana na yale mazungumzo matano ya mara moja tu kichwa kikiwa bado mtoni. Kuanzia leo asikilize saa 9 kamili alasiri. Avue vipokea sauti, kwa kuwa vyumba vingi hutumia spika ya ukutani. Weka spika upande wa pili wa chumba na uwashe feni. Aamshwe saa 8, anawe uso. Mazoezi yaanze na ule mfano wa shati, hata kama jibu analijua tangu utotoni.