Kigawe au kigawo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo Majengo, Moshi. Mwanangu wa darasa la sita ameandika "360,360 ni kigawo cha 7", akapata kosa. Nimeisoma mara tatu, kosa silioni. Kwani kigawe na kigawo si neno lile lile? Na namba hiyo inasomwaje?

JIBU: Marahaba, mama. Mwalimu wake yuko sahihi. Hayo ni maneno mawili, na kinachoyatenganisha ni irabu ya mwisho.

Kiswahili kikitaka kumtaja aliyetendwa, mara nyingi huishia na -e: aliyetumwa ni mtume, aliyeteuliwa ni mteule, kilichoumbwa ni kiumbe. Kikitaja kitu cha kutendea, huishia na -o: cha kuzibia ni kizibo, cha kufagilia ni kifagio, cha kufunikia ni kifuniko. Basi kigawe ndicho kinachogawanywa, kigawo ndicho kinachogawa.

Pita soko la Mbuyuni asubuhi umtazame mama wa nyanya. Ana nyanya 60 kwenye ndoo, anazipanga juu ya gunia mafungu ya tano tano. Yakitimia mafungu 12 na ndoo ikawa tupu, 60 ni kigawe cha 5, na 5 ni kigawo cha 60. Ikisalia hata nyanya moja mkononi, maneno hayo hayafai tena.

Namba ya mwanao nimeipenda sana. Ukiivunja hadi vigawo tasa unapata 2×2×2×3×3×5×7×11×13. Ndiyo maana inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 15 bila baki, na ukiacha sifuri, hakuna iliyo ndogo zaidi yenye sifa hiyo. Kwa lugha ya darasani, ndiyo KDS ya namba hizo zote, Kigawe Kidogo cha Shirika. Ina vigawo 192. Vigawe vyake havina mwisho.

Hilo neno "tasa" linanikera kidogo. Kwa mwanamke ni neno la kuumiza, na kwenye hesabu limewekwa kwa sababu 7 au 13 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Lakini kila namba nzima inayozidi 1, kama si tasa, imezaliwa na hizo hizo tasa zikizidishwa. Ningekuwepo wakati linachaguliwa, ningebisha.

Kuisoma: "laki tatu, elfu sitini, mia tatu na sitini". Usiikwepe laki. Ukisema "elfu mia tatu na sitini", mmoja ataandika 360,000 na mwenzake 300,060, na wote wamekusikia vizuri.

Mwache mtoto aisome hivyo kwa sauti, kisha agawanye kwa 7. Atapata 51,480, hakuna baki. Sentensi yake ataisahihisha kwa herufi moja tu: 360,360 ni kigawe cha 7.