Shangazi, nalala na bado nimechoka

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 46, naendesha lori Dar hadi Tunduma. Mwaka mzima sasa nimechoka, hata nikilala masaa tisa naamka kama sikulala. Kitambi kimetoka, hamu ya tendo imeisha. Mke wangu, tuna miaka miwili ya ndoa na tunatafuta mtoto, anadhani nina mwanamke njiani. Juzi nilisinzia kwenye usukani nikishuka mlima Kitonga. Jamaa wa jimu anasema homoni zimeshuka, anataka kunichoma sindano. Nikubali?" Dereva, Mbagala.

Marahaba, mwanangu. Sindano hiyo usichomwe. Na lori usiliguse mpaka daktari akuone. Najua posho ya safari ndiyo inayolisha nyumba, lakini mwambie bosi unaumwa, kwa sababu kweli unaumwa.

Homoni ya kiume, testosteroni, hutengenezwa kwenye korodani kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Ukiichoma kutoka nje, ile tezi inaona mwili umetosheka, inanyamaza. Mbegu zinapungua, pengine zinaisha kabisa. Sikutishi. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuwachoma wanaume testosteroni kila wiki kuijaribu kama uzazi wa mpango, na majibu ya mwaka 1990 yalionyesha zaidi ya nusu yao hawakuwa na mbegu hata moja ndani ya miezi sita. Ukiacha, kwa kawaida mbegu hurudi, ila huchukua miezi, wengine zaidi ya mwaka. Nyinyi mnatafuta mtoto sasa.

Inawezekana homoni zimeshuka kweli. Umri huzipunguza polepole, na kitambi huzishusha zaidi. Lakini hilo husemwa na damu. Kipimo huchukuliwa asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, kabla hujala, na kikitoka chini kinarudiwa siku nyingine. Usiende ukitoka safari ya usiku, maana homoni hii hupanda ukiwa usingizini, na aliyekesha anaweza kupata majibu ya kumpotosha. Hapohapo omba wakupime sukari, wingi wa damu, presha, tezi ya shingo na VVU. Kisukari peke yake kinaweza kumchosha mtu na kumwondolea nguvu za kiume, na inaniuma kuona wanaume wanaishi nacho bila kujua huku wakihangaika na vumbi la Kongo, ule unga wa kuongeza nguvu za kiume.

Ninachokishuku zaidi ni usingizi wenyewe. Hukuniambia kama unakoroma. Marehemu mume wangu alikoroma miaka na miaka, sisi tukazoea. Kumbe pumzi ilikuwa ikikatika. Koo hulegea, njia ya hewa inaziba, ubongo unakushtua uvute pumzi, unalala tena, inaziba tena, mara nyingi ndani ya kila saa, na asubuhi hukumbuki chochote. Ndiyo maana masaa tisa hayakutoshi. Huo ugonjwa huwapata sana wanaume wa umri wako wenye uzito, hupandisha presha, hupunguza hamu, na huwalaza madereva kwenye usukani. Tiba ipo: kupunguza uzito, kulala kwa ubavu, kuacha pombe ya usiku, na wengine hupewa mashine ya kusukuma hewa puani wakilala. Kwa mume wangu tulichelewa kuuliza.

Mkeo asiachwe akibuni. Mkalishe, mwambie ulivyoniandikia mimi, pamoja na Kitonga. Kisha mwombe leo usiku akurekodi kwa simu ukiwa umelala, asikilize kama pumzi inakaa kimya halafu inarudi kwa kishindo. Rekodi hiyo mkaisikilize pamoja kwa daktari.