Kabla hujalipia tiba ya kiuno, uliza ililinganishwa na nini

Karatasi ya majibu ya MRI, kipimo kinachopiga picha ya ndani ya mwili, niliikunja mara nne nikaitia kwenye pochi, nikatembea nayo miezi minane. Ilisema diski, ule mto laini, iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni imekauka na kujitokeza nje kidogo. Daktari aliyenisomea alifupisha kwa maneno yaliyonikaa kichwani kuliko karatasi yenyewe: "Zimesagika, mama. Usiinue kitu kizito tena."

Nilikuwa na miaka 43, nafundisha hisabati sekondari hapa Morogoro. Nikatii. Ndoo nikamwachia binti yangu, jembe nikaliegesha, darasani nikawa nafundisha nimekaa. Nikanunua mkanda wa kiuno. Maumivu yakizidi, naenda kuchomwa sindano. Nililipia mafuta ya kuchuliwa, nikalipia mara sita kuvutwa uti wa mgongo kwa mashine. Kila tiba ilinipa nafuu ya siku chache, kisha maumivu yanarudi, na mimi narudi na pesa nyingine. Mwisho wa mwaka ule nilikuwa siwezi kusimama kipindi kimoja cha dakika 40.

Naandika haya kwa ajili yako unayeumwa mgongo, goti au bega kwa zaidi ya miezi mitatu, muda ambao wataalamu huanza kuyaita maumivu sugu. Sitakuuzia dawa. Nataka ujue swali moja ambalo laiti ningelijua mapema, ningekuwa nimetunza pesa na miaka yangu.

Swali hilo nililipata kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kijana ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha kidato cha pili. Alinisalimia, "Shikamoo mwalimu," akaichukua karatasi yangu, akaisoma yote, akaiweka pembeni. Kisha akaniuliza: "Tukichukua watu 100 wa rika lako wasioumwa popote, tukawapiga picha hii, unadhani wangapi watakutwa na diski zilizochakaa?"

Nikasema labda kumi.

Akanionyesha jedwali. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti za picha za uti wa mgongo za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Kwa wenye miaka 40, 68 katika kila 100 walikuwa na diski zilizochakaa, na 50 walikuwa na diski iliyojitokeza. Hata kwa vijana wa miaka 20, uchakavu ulionekana kwa 37 katika 100. Wote hao walikuwa wanalala, wanaamka, wanafanya kazi zao bila kulalamika. Niliitazama ile namba 68 kwa muda mrefu. Nilikuwa nimebeba kama hukumu jambo ambalo kwa umri wangu ni kama mvi.

Sisemi picha haina kazi. Nasema picha peke yake haiwezi kukwambia kwa nini unaumwa, mpaka uilinganishe na picha za wasioumwa. Na hapo ndipo swali lilipo: ililinganishwa na nini?

Mwalimu yeyote ataelewa mfano huu. Chukua wanafunzi kumi walioshika mkia kwenye mtihani wa katikati ya muhula. Usiwafanyie lolote. Mtihani ujao wengi wao watapanda kidogo, kwa sababu siku ile ya kwanza baadhi walikuwa na siku mbaya tu. Ukiwapa maji ya limau kabla ya mtihani wa pili, utaapa kwamba limau linafundisha hesabu. Maumivu sugu ndivyo yalivyo: yanapanda na kushuka yenyewe. Na sisi tunakwenda kutafuta tiba siku yakiwa kileleni. Chochote utakachopewa siku hiyo, wiki inayofuata kitaonekana kimeponya. Ndiyo maana ushuhuda wa jirani, hata akiwa mkweli kabisa, hautoshi. Ndiyo maana pia watafiti hugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, kundi moja lipate tiba na jingine lisipate, halafu wote wafuatiliwe sawasawa.

Jaribio lililonishtua kuliko yote lilifanywa Houston, Marekani, likachapishwa mwaka 2002. Wagonjwa 180 waliosagika magoti, watu wanaoumwa kweli, waligawanywa mafungu matatu. La kwanza walisafishwa goti kwa kamera ndogo na kukwanguliwa gegedu iliyochakaa. La pili walioshwa goti tu. La tatu waliingizwa chumba cha upasuaji, wakachanjwa ngozi, daktari akaigiza kila hatua, maji yakamwagwa ili yasikike, kisha wakashonwa bila goti kuguswa ndani. Wagonjwa hawakuambiwa yupi kapata kipi. Walifuatiliwa miaka miwili. Hakuna wakati wowote ambapo waliofanyiwa upasuaji wa kweli walikuwa na maumivu kidogo kuliko walioigiziwa.

Wagonjwa wa mafungu yote walisema wamepata nafuu. Hilo ndilo la kukaa nalo. Nafuu ilikuwepo, ila haikutoka kwenye kisu.

Nikarudi nyumbani nikaanza kupitisha tiba zangu moja moja kwenye swali hilo. Mkanda, na kuvutwa uti wa mgongo: Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, linashauri visitumike kama tiba ya kawaida, na vivyo hivyo dawa kali za jamii ya afyuni. Sindano na vidonge vya diklofenaki vinapunguza maumivu kwa muda, lakini ukivitumia mfululizo bila usimamizi vinaumiza tumbo na figo. Mimi nilikuwa navipata dukani bila mtu kunipima hata presha.

Sasa, nini kilinisaidia? Ndoo.

Yule kijana alileta ndoo ya njano ya lita kumi, maji yakiwa theluthi. Akaniambia niinue. Nilishika mpini, nikagundua nimebana pumzi na kukaza tumbo kama mtu anayesubiri kupigwa. Vidole vilikuwa vyeupe. "Pumua kwanza, mwalimu," akasema. "Inama kama unavyookota chaki." Nikapumua, nikainama, nikainua. Iliuma. Akaniuliza kiasi gani kati ya sifuri na kumi, nikasema sita. Akasema turudie. Mara ya tano ilikuwa bado sita, lakini vidole vilikuwa vimelegea.

Alinipa kanuni ambayo naifuata mpaka leo: ukiamka kesho yake na maumivu yamerudi kiwango chako cha kawaida, mzigo wa jana ulikufaa. Yakibaki juu, punguza kidogo, usiache. Nyumbani niliongeza kikombe kimoja cha maji kila baada ya siku mbili. Wiki ya kumi na moja ndoo ilijaa. Binti yangu alisimama mlangoni akinitazama naibeba kutoka bombani, akataka kunipokea, nikamkatalia.

Njia ya namna hii, ya kumrudisha mtu kidogokidogo kwenye lile analoliogopa huku akielewa maumivu yake, imejaribiwa Australia kwa watu 492, matokeo yakatoka mwaka 2023. Walikutana na mtaalamu hadi mara saba ndani ya wiki 12, na mara moja tena baadaye. Baada ya mwaka mzima bado walikuwa wanajiweza kuliko waliobaki na tiba walizozizoea. Kundi moja liliongezewa vifaa vya kupima mwendo wa mwili. Halikupata faida ya ziada ya maana. Na hapa pia niliuliza swali langu: walilinganishwa na tiba ya kawaida, si na mazoezi ya uongo, kwa hiyo sehemu ya nafuu inaweza kuwa imetokana na kusikilizwa vizuri. Mimi binafsi sioni ubaya kwenye kusikilizwa.

Usitegemee muujiza. Mapitio makubwa ya mwaka 2021, yaliyojumlisha majaribio 249 ya mazoezi kwa maumivu sugu ya kiuno, yalikuta wastani wa nafuu ya pointi 15 hivi katika 100 kuliko kutotibiwa, tiba ya kawaida au tiba ya kuigiza. Yangu yalishuka kutoka saba hadi nne katika kumi, na siku za baridi hupanda tena. Lakini nasimama vipindi vinne mfululizo, na shambani narudi.

Kama huna fiziotherapia karibu, anza na miguu yako. Australia hiyohiyo, jaribio la watu 701 lililotoka mwaka 2024: waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno wakaelekezwa kutembea, lengo likiwa nusu saa mara tano kwa wiki, walikaa siku 208 kwa wastani wa kati (yaani nusu yao walizidi hapo) kabla maumivu hayajarudi; wasioelekezwa walikaa siku 112. Mimi sikuwa nimepona, hivyo nilianza na dakika kumi jioni, barabara tambarare, nikaongeza dakika mbili kila wiki.

Kuna watu ambao sitaki waanze na ndoo wala matembezi, waende hospitali kwanza. Ukipata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kuzuia mkojo au choo, au miguu ikaanza kukosa nguvu, nenda leo, usilale. Homa za jioni, jasho la usiku na kupungua mwili pamoja na maumivu ya mgongo vinahitaji uchunguzi, maana kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo. Aliyewahi kuugua saratani, au aliyeanguka vibaya, vivyo hivyo. Na kijana anayeamka amekakamaa zaidi ya nusu saa kila asubuhi, akilegea kadiri anavyotembea, amwone daktari: huenda ni uvimbe wa viungo wenye dawa zake, na kuchelewa kunamgharimu.

Kwa wengine, nunua daftari dogo. Andika tarehe, ulichofanya, maumivu kabla na kesho yake asubuhi. Ukitaka kujaribu tiba mpya, andika wiki tatu kabla ya kuianza, ili uwe na cha kulinganisha nacho. Langu la kwanza lina kurasa 64, na ukurasa wa mbele nimeandika kwa kalamu nyekundu: theluthi ya ndoo, mara tano, sita.