Kwa tabibu wa meno anayeripoti kituo cha mbali

Mdogo wangu uliyepangiwa kituo ambako lami haifiki, elewa kwamba mgonjwa wa jino anayeingia kwako hakuanza kuumwa jana. Ameshatafuna karafuu, ameshameza amoksilini za kununua moja moja dukani, na amepanda bodaboda kwa sababu sasa halali. Nauli aliyonayo ni ya safari moja. Ukimwambia arudi wiki ijayo, umemwambia asirudi.

Basi mtibu leo. Jino ambalo kiini chake kimeoza haliponi kwa antibiotiki. Maumivu yatapoa siku chache kisha yarudi, pengine na jipu. Kwa vifaa ulivyo navyo, tiba ni kuling'oa au kuutoa usaha. Parasetamo pamoja na ibuprofeni hutuliza vizuri, ila kabla ya ibuprofeni uliza habari za vidonda vya tumbo, figo na ujauzito.

Ganzi usiifanyie haraka, hata foleni ikifika nje. Kwa gego la chini, ukishaingiza sindano vuta kidogo uone kama damu inarudi, sukuma dawa taratibu, kisha subiri. Muulize kama mdomo wa chini umekuwa mzito mpaka katikati ya kidevu. Kama bado, usiguse koleo. Aliyeng'olewa kwa maumivu hukisimulia kijiji kizima, na majirani zake watakaa na majipu yao nyumbani.

Wapo ambao hutakiwi kuhangaika nao hapo kituoni. Ukiona uvimbe mgumu chini ya taya pande zote mbili, ulimi umeinuka, mate yanamtoka, kumeza hawezi na sauti imebadilika, hiyo ndiyo dharura ya meno inayoua, kwa kuziba njia ya hewa. Mwache akae wima, usimlaze chali. Mwanzishie antibiotiki za mshipa, piga simu ya gari, na karatasi ya rufaa iandikwe wakati dereva yuko njiani. Namba ya dereva na ya daktari wa meno wa wilaya zibandike ukutani siku unayoripoti.

Kuna na "meno ya plastiki". Mama ataleta mtoto mchanga anayeharisha na kuchemka, amekwisha kuambiwa kwamba vimbe nyeupe kwenye fizi ndizo chanzo na zichokolewe. Usimkaripie, ana hofu ya kumpoteza mwanawe. Shika kidole chake, mpapasishe ile fizi pole pole, mwonyeshe kwamba ni chonge linalojiandaa kuota. Kisha mtoto atibiwe homa na apewe maji ya chumvichumvi siku hiyo hiyo, maana kilichomleta ndicho hicho.

Matundu madogo yasikushinde kwa kukosa umeme. Kuyasafisha kwa vifaa vya mkono na kuyaziba kwa saruji ya glasi ayonoma ni njia iliyoanzia hapa hapa Tanzania miaka ya 1980, na saruji hiyo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2021. Itaje hivyo unapoiombea fedha. Lakini kwenye maombi ya robo mwaka, ganzi na sindano zake ziandikwe juu kabisa. Ganzi ikiisha mwezi wa pili, mwezi wa tatu wote utakuwa unagawa vidonge.