Maswali ya Ramadhani: Hasira za Alasiri, Juzuu Zinazokwama na Ibada Baada ya Idd

SWALI: Assalaamu alaykum. Nafunga mwezi mzima, lakini ikifika alasiri siambiliki. Nawafokea watoto, nazozana na mume wangu, kisha nafuturu kwa majuto. Je, swaumu yangu imebatilika? Nifanyeje? (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Waalaykumu s-salaam, dada yetu. Swaumu yako haijabatilika. Kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi, maneno makali na hata kusengenya havifunguzi, wala hulazimiki kuilipa siku hiyo. Kinachopungua ni thawabu, na hasara hiyo si ndogo. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume (S.A.W.) amesema kuwa asiyeacha maneno ya uongo na kuyatenda, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji.

Mtume ametufundisha pia la kusema mfungaji anapotukanwa au kuchokozwa: "Mimi nimefunga." Wengi huyatumia maneno haya kumnyamazisha mwenzao. Wewe anza kuiambia nafsi yako, kwa sauti ya chini, pale tu unapohisi sauti inapanda. Jikinge kwa Mwenyezi Mungu na shetani. Kama umesimama, kaa; hasira isipoondoka, jilaze. Hayo nayo ni mafundisho ya Mtume, na faida yake inaonekana wazi: aliyekaa hawezi kumfikia mtoto kwa mkono haraka kama aliyesimama.

Hiyo ni dawa ya papo hapo. Chanzo kitafute kwenye saa zako. Anayelala saa 6 usiku na kuamka saa 10 kwa daku amelala saa nne tu, na mwili unalidai deni hilo alasiri. Lala dakika 20 hadi 30 karibu na adhuhuri. Zaidi ya hapo utaamka mzito. Kama umezoea chai au kahawa kila asubuhi, kuikosa ghafla huleta kichwa kuuma na moyo mwepesi wa kukasirika, kwa hiyo ipunguze kidogo kidogo wiki moja kabla ya mwezi kuandama.

Halafu itazame nusu saa ya mwisho kabla ya adhana ya magharibi. Hapo ndipo nyumba nyingi huwaka moto: chungu kiko jikoni, mtoto mdogo analia njaa, mtu anauliza chumvi iko wapi. Kazi za kukatakata na kuloweka zimalize baada ya adhuhuri, watoto wasiofunga wapewe chakula chao mapema, na kazi nyingine mgawane, kwani futari si mzigo wa mama peke yake. Dakika 10 za mwisho ziwe za kukaa na kuomba dua.

Usiku, kabla ya kulala, andika mstari mmoja: leo nilimfokea nani, saa ngapi, kwa sababu gani. Baada ya siku tano utaona saa ileile inajirudia, nawe utajua pa kuanzia. Uliyemfokea mwombe radhi, hata kama ni mtoto wa miaka sita. Istighfari, yaani kumwomba Mwenyezi Mungu msamaha, peke yake haiondoi haki ya mja uliyemkosea.

SWALI: Kila Ramadhani naanza kusoma Qur'ani kwa kasi, nikifika juzuu ya saba au ya nane kati ya 30 nakwama. Nikhitimu vipi, niimalize yote? (Msomaji, mfanyakazi wa ofisini)

JIBU: Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604, na juzuu moja ni kama kurasa 20. Ukisoma kurasa nne baada ya kila swala ya faradhi, umemaliza juzuu kwa siku. Kwa kuwa mwezi unaweza kuandama siku ya 29, ongeza ukurasa mmoja usiku, zifike 21.

Wanaokwama kwa kawaida huwa wameliweka fungu lote wakati mmoja, baada ya alfajiri, na usingizi unawashinda. Siku moja ikiruka, kesho yake wanataka kusoma kurasa 40, wanachoka, wanauweka msahafu kando mpaka mwakani. Usilipe deni kwa mkupuo. Ongeza ukurasa mmoja kwa kila swala, na kurasa 20 zilizokupita zitakuwa zimelipwa kwa siku nne.

Kabla ya yote, jipime kwa saa. Ikiwa ukurasa unakuchukua dakika tano, kurasa 20 ni saa moja na dakika 40. Ikiwa unakuchukua dakika 10, utahitaji zaidi ya saa tatu, na kwa mtu wa kazi hilo ni zito. Basi soma kurasa mbili kila swala, umalize nusu ya msahafu kwa utulivu na matamshi sahihi. Anayesoma kwa taabu ana ujira mara mbili, kama ilivyo katika hadithi sahihi. Kukimbiza herufi ili ukhitimu ni kujinyima faida uliyoitafuta.

SWALI: Nikiwa katika hedhi nahisi Ramadhani imeniacha. Nifanye ibada gani?

JIBU: Kuacha kufunga na kuswali siku hizo ni kutii amri, kwa hiyo hujaachwa nyuma. Dhikri, istighfari, dua, kumswalia Mtume, kusikiliza Qur'ani, sadaka na kufuturisha, vyote viko wazi kwako. Keti kwenye mswala saa zilezile za swala, ulete uradi wako, yaani dhikri ulizozoea, mazoea yasikatike. Kuhusu kusoma Qur'ani kwa moyo, wanavyuoni wametofautiana. Fuata madhehebu unayoyafuata. Siku za swaumu utazilipa, swala hulipi.

SWALI: Idd ikipita tu narudi nilikotoka. Tatizo liko wapi? (Kijana wa miaka 24)

JIBU: Ndugu yetu, wengi huongeza mambo kumi kwa pamoja, na yote kumi huanguka pamoja. Mtume amesema amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Chagua moja sasa, mwezi ungalipo. Tunapendekeza rakaa mbili na witiri (swala ya usiku yenye rakaa zisizogawika kwa mbili), kwa sababu tayari unaamka kwa daku: amka dakika 15 mapema, uziswali kabla ya kula. Baada ya Idd, ukiona kuamka kunakushinda, ziswali kabla ya kulala, lakini usiziache.

Kisha zipo sita za Shawwal, yaani siku sita za kufunga kwa hiari katika mwezi unaofuata Ramadhani. Siku ya Idd yenyewe ni haramu kufunga, kwa hiyo anza siku ya pili au baadaye. Si lazima zifuatane. Ukifunga Jumatatu na Alhamisi, wiki tatu zinatosha. Mwenye siku za kulipa, bora aanze na deni.